Ashkeloni, Kisleu ya 604 KK: kuchunguza anguko la mji mmoja wa Wafilisti

Katika mwezi wa Kisleu wa mwaka 604 KK, yaani kati ya Novemba na Desemba kwa kalenda yetu, jeshi la Babeli liliuteka mji wa Ashkeloni, likamkamata mfalme wake, likachukua nyara na kuuacha mji ukiwa kifusi. Ni kauli nzito kwa tukio la zaidi ya miaka 2,600 iliyopita. Kuna miji mingi ya Biblia ambayo wataalamu wanabishania hata karne iliyoanguka. Ya Ashkeloni tunataja mwezi. Uchambuzi huu unafuata jinsi mwezi huo ulivyopatikana, ushahidi upi unabeba uzito gani, na ni wapi hoja ni dhaifu kuliko inavyoonekana kwa haraka.

Mji wenyewe

Ashkeloni uko kwenye pwani ya mashariki ya Bahari ya Kati, kilometa 50 hivi kusini mwa Tel Aviv. Magofu yake yanafikia hekta 60, yakizungukwa na tuta kubwa lililopinda kama nusu duara, ncha zake zote mbili zikigusa bahari. Tuta hilo ni la kale kuliko Wafilisti kwa karne nyingi. Wakanaani ndio waliolijenga. Kati ya miji mitano ya Wafilisti inayotajwa katika Yoshua 13:3, huu ndio uliokaa ufukweni kabisa. Gaza na Ashdodi ilikuwa kilometa chache kutoka majini, na Ekroni na Gathi ilikuwa bara, karibu na vilima vya Yuda.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaujua kwa Samsoni, aliyewaua watu 30 huko ili apate mavazi ya kulipia kitendawili chake, na kwa maombolezo ya Daudi, aliyesihi habari za kifo cha Sauli zisitangazwe katika njia zake. Lakini Wafilisti wa 604 KK si wale wa Samsoni. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019, kutokana na mifupa ya Ashkeloni yenyewe, ulionyesha kwamba watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba mwanzoni mwa Enzi ya Chuma walikuwa na sehemu ya asili yao kutoka kusini mwa Ulaya, na kwamba baada ya karne mbili hivi alama hiyo ilikuwa imefifia kwa kuoana na wenyeji. Kufikia karne ya 7 KK watu wa Ashkeloni waliandika kwa herufi zinazokaribiana na za majirani zao na kutumia lugha ya jamii moja na Kiebrania na Kifoinike. Bado walikuwa Wafilisti, wenye mfalme wao na mji wao, ila anayetafuta mavazi na silaha za Goliathi katika tabaka la 604, yaani safu ya udongo na kifusi ya wakati huo, atakuwa anatafuta kitu cha miaka 400 iliyotangulia.

Kilichoutajirisha mji ni vitu viwili vya ardhini. Chini ya mchanga kuna maji matamu, na visima vilichimbwa kila pembe ya mji kwa maelfu ya miaka. Na udongo wa pwani ile, wenye mchanga mwingi na usiotuamisha maji, unaifaa mizabibu. Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru alimwondoa mfalme Sidka na kumtawaza Sharru-lu-dari mahali pake, na mji ukaendelea kulipa kodi. Ashuru walitaka kodi, kwa hiyo biashara iliachwa inenepe. Ashuru walipodhoofika, Misri ya Farao Psametiki I ikashika pwani, na biashara ikaendelea na mabwana wapya.

Bamba la London

Ushahidi wa kwanza ni bamba la udongo linalotosha kiganjani, lenye maandishi ya kikabari, yaani alama za Babeli zilizochapwa kwenye udongo mbichi, lililohifadhiwa British Museum kwa namba BM 21946. Donald Wiseman alilichapisha mwaka 1956. Ni kumbukumbu za miaka: kila mwaka wa mfalme una mistari michache, bila mapambo na bila sifa ndefu. Linaanzia vita vya Karkemishi vya 605 KK, ambako Nebukadneza, akiwa bado mwana wa mfalme, alilivunja jeshi la Misri kando ya mto Frati. Baba yake Nabopolasari akafa Agosti mwaka huohuo, na Nebukadneza akarudi mbio Babeli kukalia kiti.

Habari za mwaka wake wa kwanza ndizo zinazotuhusu. Zinasema kwamba katika mwezi wa Simanu, karibu na Juni, alikusanya jeshi na kwenda nchi ya Hatti, jina ambalo Wababeli walilitumia kwa Shamu na Kanaani yote. Akazunguka humo bila mpinzani hadi Kisleu. Wafalme wote wa nchi wakamjia na kodi. Kisha akaenda kwenye mji fulani, akauteka katika Kisleu, akamshika mfalme wake, akachukua nyara, akaugeuza kuwa kilima na lundo la magofu. Katika mwezi wa Shebati, karibu na Februari, akarudi Babeli.

Nimeandika "mji fulani" kwa sababu hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo. Jina la mji limeharibika. Alama zake zimebomoka kwenye udongo, na Wiseman alisoma Ashkeloni kutokana na zilizobaki. Wataalamu wa kikabari waliofuata hawakukubaliana kuhusu uhakika wa usomaji huo; A. K. Grayson, aliyezichapa upya kumbukumbu hizi, aliutilia shaka. Kwa hiyo bamba peke yake halitoshi. Linatupa mwaka, mwezi na kitendo, lakini anwani yake haisomeki vizuri. Anayetaka kuliambatanisha na kilima fulani cha magofu lazima aonyeshe kwamba kilima hicho kina uharibifu wa wakati huo, uharibifu wa mji mzima, na kwamba hakuna mshindani mwenye dai bora zaidi.

Kilichomo ardhini

Uchimbaji uliojibu swali hilo ni ule wa Leon Levy Expedition, ulioanza mwaka 1985 chini ya Lawrence Stager wa Harvard na baadaye pamoja na Daniel Master, hadi mwaka 2016. Katika kilima cha hekta 60 huwezi kuchimba kila kitu, hivyo waligawa eneo katika miraba mikubwa yenye namba. Mraba wa 38, kuelekea katikati ya mji, na mraba wa 50, upande wa bahari, ndiyo iliyotoa tabaka la 604 kwa ukamilifu zaidi.

Kulifikia tabaka hilo si kazi ndogo. Juu yake kuna makazi ya wakati wa Waajemi, Wayunani, Warumi, Bizanti na Waislamu, na kila waliokuja walichimba chini: visima, mashimo ya taka, misingi, na mitaro ya kung'oa mawe ya kale ili yajengewe upya. Mtaro wa mwizi wa mawe unaweza kupita katikati ya chumba cha karne ya 7 KK na kuingiza humo kigae cha Kirumi. Mchimbaji asipoona mpaka wa mtaro huo kwa rangi na ulaini wa udongo, atachanganya vitu vya miaka 700 tofauti na kuviita vya siku moja. Ndiyo maana vyombo vinavyoaminika zaidi katika kesi hii ni vile vilivyopondwa mahali pake, ambavyo vipande vyake vyote vinaokotwa sakafuni na kuunganishwa tena kuwa mtungi mzima. Kigae kimoja kinaweza kusafiri ardhini, lakini mtungi mzima uliolala chini ya dari iliyoanguka haujasogea.

Mraba wa 38 ulitoa kiwanda cha mvinyo. Jengo ni kubwa, la mawe ya kuchongwa, na ndani yake vyumba vya kukamulia zabibu vinapishana na maghala. Zabibu zilikanyagwa kwa miguu juu ya jukwaa lililopigwa lipu laini yenye vipande vya kombe. Maji yake yalishuka kwenye mfereji, pia wa lipu, hadi kwenye birika. Chini ya birika, pembeni, palikuwa na kishimo kidogo cha kunasia maganda, kokwa na mashapo ili kinachochotwa kiwe safi. Uani na maghalani palikutwa mitungi ya matumbo mapana, vikombe vya kuchotea, na madonge mengi ya udongo usiochomwa yenye tundu katikati.

Madonge hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Umbo lake ni lile la mawe ya kunyooshea nyuzi kwenye mtambo wa kufumia, na kwingineko vitu vya namna hiyo huitwa hivyo bila kubishana. Hapa, katikati ya maghala ya mvinyo, wachimbaji walipendekeza kwamba yalikuwa vizibo. Mvinyo mchanga ukiwa unachachuka hutoa gesi. Mtungi ukizibwa kabisa hupasuka, ukiachwa wazi hewa huugeuza kuwa siki. Donge lenye tundu dogo linaacha gesi itoke, na uchachukaji ukiisha tundu linazibwa kwa udongo. Maelezo hayo yana mantiki mahali hapo. Hayafuti ya kwanza kwa maeneo mengine, na kila donge linapaswa kuhukumiwa kwa vitu lilivyokutwa navyo.

Kuna jambo la msimu ambalo tarehe ya bamba inatuwezesha kulifikiria. Zabibu za pwani ile huvunwa mwishoni mwa kiangazi. Kufikia Kisleu majukwaa ya kukamulia yalikuwa makavu na maghala yamejaa mvinyo wa mwaka huo. Nafaka nazo zilikuwa zimevunwa miezi ya kwanza ya kiangazi na kuingizwa ghalani. Jeshi lililofika wakati huo liliukuta mji ukiwa na mali yote ya mwaka ndani ya kuta zake. Huu ni ukisiaji wangu kutokana na kalenda ya kilimo, bamba halisemi hivyo, lakini unaeleza kwa nini nyara zilistahili kampeni ya majira ya mvua na baridi, wakati majeshi mengi ya kale yalipendelea kurudi nyumbani.

Upande wa bahari, mraba wa 50, kulikuwa na soko. Maduka yalipangana kando ya njia. Moja liliuza nyama, na mifupa iliyobaki inaonyesha vipande vya kuchinjia. Jingine liliuza mvinyo, na humo mlikuwa na kigae kilichoandikwa kwa wino orodha ya vipimo vya mvinyo mwekundu na kileo kingine. Jirani yake kulikuwa na ofisi ya hesabu: mawe na vipande vya bronzi vya kupimia uzito, karibu dazeni moja, mkono wa mizani wa bronzi na visahani vyake, na kigae kinachoonekana kuwa risiti ya nafaka iliyolipiwa kwa fedha. Fedha hiyo haikuwa sarafu. Ilikuwa vipande vilivyopimwa kwa uzito, na ndiyo maana mizani ilikuwa chombo cha kila duka.

Nafaka iliyoungua sokoni ilitoa ushahidi ambao maandishi yasingeutoa. Ngano inapovunwa kwa mundu huja na magugu ya shamba lake. Ikipepetwa, baadhi ya mbegu za magugu hubaki kwa kuwa zinalingana na punje kwa ukubwa. Ehud Weiss na Mordechai Kislev walizitenga mbegu hizo na kutambua magugu yanayoota si pwani ya Ashkeloni bali kwenye vilima vya Yuda na uwanda wa Sharoni. Kwa maneno mengine, sehemu ya ngano iliyoungua Desemba ile ilikuwa imetoka Yuda, nchi ya mfalme Yehoyakimu. Manabii walikuwa wakitangaza hukumu juu ya mji ambao wakulima wao waliuuzia ngano.

Na katika duka mojawapo, katikati ya mitungi, kulikuwa na mifupa ya mwanamke wa miaka 35 hivi. Alikuwa amelala chali, miguu imetawanyika, mkono umeinuliwa kuelekea kichwani. Patricia Smith wa Chuo Kikuu cha Kiebrania alilichunguza fuvu na kukuta limepigwa kwa kitu butu. Inaelekea alijificha kati ya mitungi na akakutwa. Juu yake ikaanguka dari, na hakuna aliyerudi kumzika. Kwa mchunguzi, hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Moto wa ajali huunguza nyumba, lakini jamaa hurudi kufukua na kuzika. Maiti iliyoachwa sokoni, katika mji ambao watu wake walizika wafu wao kwa mpangilio katika makaburi nje ya ukuta, ina maana kwamba waliopaswa kumzika walikuwa wamekufa, wamekimbia au wamechukuliwa.

Tabaka lenyewe ni majivu, makaa, matofali ya udongo yaliyobadilika rangi kwa joto, na vipande vya dari vyenye alama za matete yaliyoshikilia udongo. Juu ya dari iliyoanguka katika kiwanda cha mvinyo palikutwa madhabahu ndogo ya jiwe ya kufukizia uvumba. Haikuwa sakafuni chini ya kifusi. Ilikuwa juu ya kifusi, maana ilikuwa darini jengo lilipoporomoka. Yeremia 32:29 analaumu nyumba ambazo juu ya dari zake watu walimfukizia Baali uvumba, akizungumzia Yerusalemu ya kizazi hichohicho.

Jinsi tarehe inavyofungwa, na inapoweza kukwama

Mtu angedhani kupima umri wa makaa kwa kaboni iliyomo ndani yake kungemaliza ubishi. Hakumalizi. Kati ya 800 na 400 KK hivi, mkunjo unaotumika kugeuza umri wa kaboni kuwa miaka ya kalenda unalala karibu tambarare, hivyo sampuli ya 700 na ya 450 zinaweza kutoa jibu lilelile. Kipimo kikifanywa kwa uangalifu wote bado kinarudisha upana wa karne kadhaa. Kwa matukio kama haya kaboni inaweza kukanusha kosa kubwa tu; mwaka haiwezi kuutaja.

Kwa hiyo kazi inabebwa na vyombo vya udongo. Tabaka la Ashkeloni lina vyombo vya mwisho wa karne ya 7 KK vya Wafilisti, Wafoinike na Wamisri, pamoja na vyombo vya Kiyunani kutoka Korintho na pwani ya Ionia, magharibi mwa Uturuki ya leo, vikiwemo vile vilivyochorwa mbuzi mwitu. Mpangilio wa mitindo ya Kiyunani unajulikana vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Miaka kamili ya mitindo hiyo, tofauti na mfuatano wake, imejengwa kwa sehemu juu ya miji iliyoharibiwa kwa tarehe inayojulikana, na Ashkeloni ya 604 sasa ni mojawapo ya nguzo hizo. Jane Waldbaum na Jodi Magness walionyesha mwaka 1997 jinsi matabaka haya ya uharibifu yanavyosaidia kupanga upya miaka ya vyombo vya Kiyunani. Ni matumizi mazuri, mradi mtu asigeuke tena na kusema vyombo vya Kiyunani vinathibitisha 604. Akifanya hivyo anazunguka duara, anajilipa kwa hela yake mwenyewe.

Njia salama ni hii. Vyombo vya wenyeji, vikilinganishwa na vya miji mingine, vinaliweka tabaka mwishoni mwa karne ya 7 KK bila kulitegemea bamba. Bamba, bila kuitegemea ardhi, linasema kwamba mwaka 604 mji wa nchi ya Hatti uliharibiwa kabisa, na alama zilizobaki za jina lake zinakubali kusomwa Ashkeloni. Tabaka linaonyesha uharibifu wa ghafla na wa jumla katika miraba miwili iliyo mbali, mmoja katikati ya mji na mwingine baharini. Na juu ya tabaka hilo kuna ukimya: mji haukukaliwa tena hadi Waajemi waliposhika nchi, miongo saba au nane baadaye. Kila kimoja kina tundu lake, lakini hayalingani mahali. Udhaifu wa bamba ni jina la mji, na jina ndilo jambo ambalo ardhi haina shida nalo. Udhaifu wa ardhi ni mwaka, nao bamba linautaja wazi.

Biblia inasema nini, na haisemi nini

Yeremia 36 inasimulia kwamba katika mwaka wa 5 wa Yehoyakimu, mwezi wa 9, watu wote wa Yerusalemu walitangaziwa kufunga. Mwezi wa 9 ni Kisleu, na kwa hesabu inayotumika mara nyingi mwaka wa 5 wa Yehoyakimu unaangukia 604/603 KK. Siku hiyo Baruku, mwandishi wa Yeremia, alisoma gombo la nabii huyo hekaluni. Mfalme, akiwa katika nyumba yake ya majira ya baridi mbele ya makaa ya moto, akalikata gombo kipande kwa kipande na kulichoma. Ashkeloni iko umbali wa siku mbili au tatu za mwendo kutoka Yerusalemu. Inashawishi sana kusema kwamba watu walifunga kwa sababu Wababeli walikuwa kwenye pwani yao.

Ninaona maelezo hayo yanawezekana sana, lakini yawekwe kwenye daraja lake. Andiko halitaji sababu ya kufunga. Na tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Yeremia inasoma mwaka wa 8 mahali pa wa 5, jambo linaloisogeza siku hiyo mbali na Ashkeloni kwa miaka mitatu. Kufunga kwa Kisleu ni mwangwi unaolingana na tukio. Tusikifanye shahidi wa tarehe.

Manabii nao wasitumiwe kama kalenda. Sefania 2 anazitaja Gaza, Ashkeloni, Ashdodi na Ekroni, na kitabu chake kinajitambulisha na siku za Yosia, mfalme wa Yuda aliyekufa Megido mwaka 609. Yeye anatangulia tukio. Yeremia 47 inasema juu ya maji yanayofurika kutoka kaskazini na inaitaja Ashkeloni kwa jina, lakini kichwa cha sura hiyo kinazungumzia Farao kuipiga Gaza, na wafasiri hawajakubaliana hilo lilikuwa lini. Linalofaa kuangaliwa katika orodha hizi ni mji usiokuwemo. Gathi haitajwi na Sefania, wala Yeremia 25:20, ambako Ashdodi nayo inaitwa mabaki. Gathi ilikuwa imevunjwa karne ya 9 KK na Hazaeli wa Shamu, kama 2 Wafalme 12 inavyogusia na uchimbaji wa Tell es-Safi, kilima cha Gathi yenyewe, ulivyoonyesha. Manabii hawa waliijua ramani ya siku zao.

Kwa nini Ashkeloni

Wafalme wengine wa Hatti walileta kodi na kubaki na miji yao. Kwa nini huu uliteketezwa? Jibu rahisi ni kwamba mfalme wake alikataa kujisalimisha. Lakini vitu vilivyokutwa vinasema zaidi. Katika kiwanda cha mvinyo kulikuwa na ndoo ndogo 7 za ibada za bronzi, meza ndogo ya sadaka na sanamu ya mungu Osiri, vyote vya Kimisri. Bidhaa za Misri zimesambaa mjini. Ashkeloni ilifungamana na Misri kwa biashara na kwa ibada. Mwaka mmoja baada ya Karkemishi, Nebukadneza alihitaji kuhakikisha Farao Neko wa Misri hana mahali pa kushusha askari wala kupata nafaka kaskazini mwa jangwa la Sinai. Kwake yeye, mji huo ulikuwa mlango wa Misri.

Kuna barua ya mafunjo iliyopatikana Sakara nchini Misri mwaka 1942, kwa Kiaramu, ambayo mfalme aitwaye Adoni anamwomba Farao msaada kwa kuwa majeshi ya mfalme wa Babeli yamefika Afeki. Zamani wengi walidhani Adoni ni mfalme wa Ashkeloni. Baadaye maandishi ya Kidemotiki, mwandiko wa Kimisri wa kila siku, mgongoni mwa mafunjo yakasomwa kuwa yanaielekeza barua Ekroni. Hivyo isitumike kwa Ashkeloni moja kwa moja, ingawa hofu iliyomo ni ya pwani nzima. Jibu la Farao tunalijua kwa matokeo: 2 Wafalme 24:7 inasema mfalme wa Misri hakutoka tena katika nchi yake.

Mfalme Yehoyakimu aliyesoma ishara hiyo alijisalimisha na kumtumikia Nebukadneza miaka mitatu. Nadhani moto wa Ashkeloni ulichangia uamuzi huo kuliko hoja yoyote iliyotolewa mbele yake. Babeli ilipojeruhiwa mpakani mwa Misri mwaka 601, akaasi, na Machi 597 Yerusalemu ukafunguliwa malango.

Waliochukuliwa

Mabamba ya mgao wa chakula kutoka jumba la kifalme la Babeli, yaliyochapishwa na Ernst Weidner mwaka 1939, yanataja mafuta waliyopewa mateka. Moja kati yake ni la 592 KK. Yehoyakini wa Yuda, mwana na mrithi wa Yehoyakimu, yumo na wanawe watano. Na wamo wana wawili wa Aga, mfalme wa Ashkeloni, pamoja na mabaharia na waimbaji wa mji huo. Hapa hakuna alama iliyobomoka. Orodha hii, iliyoandikwa na karani wa ghala asiyekuwa na sababu ya kutetea historia, inathibitisha kwamba familia ya kifalme ya Ashkeloni ilihamishwa Babeli kabla ya tarehe hiyo. Inalisaidia sana jina lililoharibika kwenye bamba la London, na nashangaa kwamba katika maelezo mengi mafupi ya kisa hiki inaachwa nje.

Karne ya 5 KK, nyaraka za biashara kutoka eneo la Nipuri, kusini mwa Babeli, zinataja vijiji vyenye majina ya Ashkeloni na Gaza. Walikuwepo wazao wa waliohamishwa, wakilima kando ya mifereji ya Babeli. Tofauti na Wayahudi, hakuna kumbukumbu ya kundi la Wafilisti kurudi na kuujenga mji. Waliouinua Ashkeloni wakati wa Waajemi walikuwa Wafoinike chini ya Tiro, nao waliacha juu ya kifusi kile maghala mapya na makaburi ya mbwa kwa mamia, kila mbwa akiwa amelazwa kwenye shimo lake. Sefania 2:7 inawapa mabaki ya Yuda pwani hiyo. Kwa Ashkeloni ya wakati wa Waajemi, ardhi inawaonyesha Wafoinike.

Neno kwa anayesoma ripoti za vilima vya jirani. Ekroni, iliyokuwa na mashinikizo ya mafuta ya zeituni zaidi ya 100, huandikwa kuwa ilianguka 604 au 603. Timna na sehemu za Ashdodi huwekwa kwenye kampeni zilezile. Bamba halizitaji. Tarehe zao zinatokana na vyombo vinavyofanana na vya Ashkeloni, yaani zimeazimwa kutoka hapa. Ikitokea siku jina kwenye BM 21946 likasomwa vingine kwa uhakika, Ashkeloni itabaki na mitungi yake, maiti yake ya sokoni na wana wa Aga kwenye orodha ya mafuta, na tarehe yake itateleza miaka michache tu. Miji mingine mitatu haina tegemeo kama hilo, na kila chati ya vyombo iliyopangwa kwa kuifuata italazimika kupimwa upya.